Katazo la Mikono ya Galus

Saa mbili na robo asubuhi Yusta Chaula alikuwa amevaa makoti mawili, la sufi ndani na la mvua juu, na bado meno yalimgongana. Ndani ya ghala la seva hakuna mtu aliyewahi kuvua koti. Kampuni ya Mikono ya Mbali ililijenga juu kabisa kwenye milima ya Makete kwa sababu mashine za kutunzia kumbukumbu huchemka kama mtu mwenye homa, na baridi ya Makete hainunuliwi. Unafungua madirisha, inaingia yenyewe. Makabati ya chuma yalipangwa safu kwa safu, yakinguruma kwa sauti moja kama nyuki waliofungiwa mzingani. Humo mlikuwa na mikono elfu moja mia mbili na sita.

Si mikono ya nyama. Fundi aliyebobea alivishwa glavu nyembamba zenye nyuzi, akafanya kazi yake msimu mzima kama kawaida, na glavu zikashika kila kitu: kidole kipi kilitangulia, kilibonyeza kwa nguvu gani, wapi kilisita kidogo kabla ya kuendelea. Yote yakakusanywa yakawa faili moja. Miaka ikapita. Mtu mwingine akakaa nyumbani kwake, akavaa glavu zake, akalifungua faili lile, na mkono wa chuma uliokuwa umbali wa siku mbili kwa gari ukafanya kazi kwa macho na akili ya huyu, lakini kwa wepesi wa yule fundi wa zamani.

Yusta hakuwa na mkono wowote wa kujivunia. Kushona kifungo kulimshinda. Kazi yake ilikuwa funguo: nani afungue faili lipi, na nani asilifungue. Alikuwa na kompyuta mbili, birika la chai ya tangawizi, na daftari la mistari ya hesabu ambamo aliandika kila alichojaribu, hata kilichoshindikana, hasa kilichoshindikana.

Taa ya njano ikawaka juu ya meza, na simu ikaita papo hapo.

"Mwanangu, mlango umenigomea," ilisema sauti ya mwanamke.

"Shikamoo, mama Gama. Umegoma vipi?"

"Marahaba. Unaniandikia 'Huruhusiwi.' Nimevua glavu, nimevaa. Nimezima, nimewasha. Nimenawa mpaka viwiko kwa sabuni nikidhani labda ni mafuta ya maandazi. Wapi! Huruhusiwi, huruhusiwi, kama mlango wa benki."

Yusta alicheka, lakini tayari alikuwa ameshika kalamu. Alimjua Osmunda Gama kwa sauti tu, kama alivyowajua wafanyakazi wote wa mbali. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenyeji wa kijiji kimoja nje ya Songea, na kwa miezi mitatu alikuwa akijifunza kuuzoea mkono wa mzee aliyeitwa Galus Kihwele. Mkono wa mtu ni kama kiatu cha mtu. Huwezi kuutia tu ukatembea nao. Wanne walianza mafunzo yale. Watatu waliacha, wakisema mzee yule alikuwa na vidole vya buibui. Osmunda peke yake ndiye aliyefika mwisho.

"Vijiti vimefika?" Yusta aliuliza.

"Vimefika Njombe tangu alfajiri. Arobaini na kimoja. Naviona kwenye kioo cha kompyuta hapa, vimelala kwenye kitambaa chenye maji kama watoto wachanga." Sauti yake ilishuka. "Na ule mti kule nyuma ya nyumba umeanza kupata manjano, Yusta. Jana matawi matatu, leo sita."

*

Ukungu wa mizizi ulikuwa umeimaliza miparachichi ya nyanda za juu kwa miaka saba. Ulisafiri kwa tope, na tope lilisafiri kwa nyayo za watu, ndiyo maana serikali ikaweka Zuio la Miguu: mtu wa wilaya moja asikanyage shamba la wilaya nyingine, na kitalu cha Njombe, chenye mashina machanga yanayouhimili ukungu, asikikanyage mtu yeyote. Mle ndani mlifanya kazi mikono ya chuma peke yake. Kijiti cha mti mzuri kilioshwa kwa dawa, kikaruka kwa droni, kikabebeshwa juu ya shina lile ili viote pamoja na kuwa mti mmoja.

Mparachichi wa Osmunda ulipandwa na mama yake mwaka aliozaliwa yeye. Matunda yake yalikuwa marefu kama kibuyu cha maziwa, yenye kokwa ndogo kama gololi, na hapakuwa na mwingine wa aina ile popote. Ila vijiti vyake vilikuwa vikavu na vya kuvunjika. Kila mkono uliojaribiwa kwa vijiti vya majaribio ulivipasua. Mkono wa Galus haukupasua hata kimoja.

Vijiti vingekaa hai mpaka saa kumi alasiri. Baada ya hapo ni vya kuwashia moto.

Yusta alianza na vya karibu, kama mtu anayetafuta sindano: kwanza mapajani, ndipo chini ya kiti, ndipo chumba kizima. Jina la Osmunda limo kwenye orodha ya wafanyakazi? Limo. Limo kwenye kikundi cha Wabebeshaji? Limo. Kikundi cha Wabebeshaji kimeruhusiwa kufungua mikono ya kitaluni? Kimeruhusiwa. Neno la siri ni sahihi, glavu zimetambuliwa, mtandao hauna kikohozi. Alijaribu kulifungua faili yeye mwenyewe. Likafunguka bila hata kulalamika.

Akaandika kwenye daftari: *Mimi linafunguka. Yeye halifunguki. Tofauti yetu ni nini?*

"Mama, hebu fungua lile faili la mafunzo."

"Limefunguka. Hili halijawahi kunisumbua."

Yusta aliiweka kalamu chini. Hapo ndipo udadisi ulipomkamata, ule uliomfanya akiwa mtoto aifungue redio ya babu yake ajue mtangazaji ameketi wapi. Mkono mmoja, mtu mmoja, asubuhi moja. Faili la mafunzo linamkaribisha, faili la kazi linamfukuza.

Akatazama tarehe, na hapo akaanza kuelewa. Faili la mafunzo lilikuwa nakala. Kitu ukikinakili, nakala huzaliwa pale inapowekwa, na hufuata sheria za nyumba ile ilimozaliwa. Hii ya mafunzo ilizaliwa kwenye folda ya mafunzo, ambako kila mwanafunzi anaingia. Lakini faili lenyewe, lile zima lenye mguso wote, halikunakiliwa. Miaka mitatu iliyopita lilihamishwa kutoka seva ya zamani. Na kinachohamishwa huhama na funguo zake na makufuli yake, kama bibi harusi anayekwenda ukweni na sanduku ambalo hakuna aliyelifungua kuona ndani mna nini.

Akalifungua sanduku. Ruhusa kumi na saba, moja chini ya nyingine, zote za kawaida. Juu kabisa ulikuwa mstari mmoja mwekundu.

*Kikundi: Songea. Haki: KATAZO. Aliyeweka: Galus Kihwele, mwenye mikono.*

Kwenye seva zote duniani sheria hii ni moja: mtu akiwa na ruhusa kumi na katazo moja, katazo hushinda. Kila mfanyakazi aliwekwa kwenye kikundi cha wilaya yake. Osmunda alikuwa mtu wa kwanza wa Songea kuugusa mkono ule tangu uandikwe, miaka tisa iliyopita.

Chini ya mstari palikuwa na kisanduku cha sababu. Fomu ilimwomba kila fundi anayeweka katazo aandike kwa nini. Mafundi wengi waliacha sehemu ile tupu. Galus alikuwa ameandika:

*Mngoni asiguse mikono yangu. Babu zake walibeba ng'ombe wetu, huyu atabeba vidole.*

Yusta alisoma mara tatu. Wahehe wa akina Galus na Wangoni wa Songea walipigana vita vikali enzi za mababu, na vita vilipokwisha ukabaki utani, ule wa kutukanana mpaka mbavu ziume, wala hakuna anayenuna. Hayo kila mtu wa kusini anayajua. Lakini utani una uso, una sauti, una kofi la begani. Kisanduku kile kilihifadhi maneno tu. Kama mzee alicheka wakati anaandika, cheko lile halikuhifadhiwa popote.

*

"Ni utani huo!" alisema meneja Rwechungura kutoka Dodoma, akitafuna kitu. "Hata mimi Mhaya nauona."

"Na kama si utani, bwana meneja?"

"Yusta, huyo mzee ana miaka sita kaburini."

"Ndiyo maana siwezi kumuuliza."

Meneja aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. "Kitufe unacho. Bonyeza uchukue umiliki, futa mstari, mama wa watu abebeshe mti wake. Dakika mbili."

Kitufe Yusta alikuwa nacho. Kilikaa pembeni ya skrini, cha kijivu, kimeandikwa *Chukua Umiliki*. Msimamizi akikibonyeza, faili lolote linakuwa lake, na hapo hakuna katazo linaloweza kumzuia. Kwa miaka minane hakuwahi kukigusa, kwa sababu kilikuwa na mambo mawili nyuma yake. Jina la mwenye mikono lingefutika na la msimamizi lingeingia, moja kwa moja, lisirudi. Na mkataba uliahidi kwamba siku kampuni itakapovunja katazo la fundi mmoja, mafundi wote wataandikiwa barua siku hiyo hiyo.

"Barua hizo hakuna anayesoma," meneja alisema, kana kwamba ameyasikia mawazo yake.

"Mama yangu atasoma."

Mikono ya mama yake Yusta ilikuwa kabati la thelathini na nne: kusuka vikapu vya mianzi. Nayo ilikuwa na katazo. Mama alikuwa amemkataza mtu mmoja tu, mdogo wake mwenyewe wa tumbo moja, na sababu aliiandika kwenye kisanduku. Yusta angeweza kuisoma kwa kubonyeza mara mbili. Kila mwaka alipita pale, mkono wa udadisi ukamwasha, naye hakubonyeza. Watu walitoa mikono yao kwenye ghala hili kwa sababu waliamini wakisema *fulani hapana*, itakuwa hapana hata wakiwa hawapo. Ukivunja la Galus kwa kuwa lilifanana na utani, kesho utavunja la mama kwa kuwa litafanana na hasira za kupita.

Lakini pia alimwona Osmunda, ambaye hajawahi kumwona, ameketi na glavu mapajani akivitazama vijiti arobaini na kimoja kwenye kioo. Huyu naye alikuwa na mama.

"Nipe mpaka jioni," Yusta alisema.

"Jioni vijiti ni kuni. Nakupa mpaka saa nane. Saa nane kamili nitabonyeza mimi huku, na barua ziende kwa jina langu."

*

Kwenye fomu ya Galus, ukurasa wa mwisho, palikuwa na mrithi wa ruhusa: *Mke wangu, Skolastika.* Na namba ya simu ya Kilolo. Iliita mara nyingi sana kabla ya kupokelewa, na nyuma ya sauti ya bibi kulisikika maharage makavu yakidondoka kwenye ungo.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo anayenisalimia Kihehe kwa sauti ya dukani?"

"Naitwa Yusta Chaula, napiga kutoka Makete, kwenye ghala la mikono."

"Nilijua! Mkinga! Haya, unaniuzia nini?"

"Siuzi kitu, bibi."

"Mkinga asiyeuza kitu? Basi unaumwa. Sema shida yako."

Yusta akaeleza taratibu: mti, vijiti, mama wa Songea, mstari mwekundu. Kisha akasoma maneno ya Galus. Maharage yaliacha kudondoka.

"Soma tena," bibi alisema.

Akasoma tena. Bibi Skolastika akacheka, cheko fupi la puani.

"Sitakudanganya, mwanangu. Galus aliwatania Wangoni tangu ujana. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mngoni, walichuma chai pamoja Mufindi, na wakikutana ungesema wanataka kuchinjana. Lakini mwaka ule wa hiyo fomu, Mngoni mwingine alichukua miche yake mia tatu akasema atarudi, na hakurudi. Iliuma. Na siku wale vijana wa kampuni walipokuja kuandikisha, mimi nilikuwa jikoni nawapikia kuku. Kwa hiyo alicheka ama hakucheka, uso wake sikuuona."

"Kwa hiyo ni lipi, bibi?"

"Labda yote mawili. Utamtania vipi mtu asiyekuuma hata kidogo?" Ungo ukasikika ukiwekwa chini. "Nitakwambia kinachoniuma mimi. Galus alikufa mwaka wa kwanza wa Zuio la Miguu. Barabara ya Songea imefungwa. Hakuja mtani hata mmoja. Hakuna aliyeruka kaburini akalala humo, hakuna aliyeiga anavyotembea na ule mguu wake mbovu, hakuna aliyebeba hata chungu jikoni mpaka akombolewe. Tulimzika kimya, kimya, kama watu wanaofukia kitu walichoiba. Mpaka leo naona msiba ule haujaisha." Akashusha pumzi. "Huyo Mngoni wako yupo?"

"Yupo, bibi. Anasubiri kwenye laini nyingine."

"Ana mdomo?"

"Nadhani anao."

"Mlete."

Yusta alirudi kwanza kwa Osmunda amweleze, maana hakutaka aingizwe gizani. Akamsomea mstari kama ulivyo.

"Yaani mti wa mama yangu unakufa," Osmunda alisema, "kwa sababu ya ng'ombe walioliwa kabla babu yangu hajazaliwa?"

"Au kwa sababu ya miche mia tatu. Hatujui, mama. Ningeweza kukuvunjia mlango. Lakini mke wa mzee Galus anataka kukusikia kwanza. Msiba wao haukupata mtani, hata wa kuiga ule mguu wake mbovu."

"Haukupata mtani?" Sauti ya Osmunda ikabadilika kabisa, kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo na kumbe zimo mkononi. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Niunganishe!"

Yusta akaunganisha. Alikuwa ameandaa maneno ya kuwatambulisha, lakini hakupata nafasi hata ya kukohoa.

"Uuuwiii! Galus eee!" Osmunda alipiga yowe mpaka spika ikakwaruza. "Umekufa bila kuniaga, mla mbwa wewe! Nani sasa nitamtukana? Umekimbia kaburini ukidhani sitakufuata?"

"Eh! Nani huyo analia kwangu kama fisi?" Bibi Skolastika alijibu, na sauti yake ilikuwa imerudi nyuma miaka ishirini. "Mla panya umechelewa! Miaka sita! Chakula kimeisha!"

"Nimechelewa kwa sababu mliifunga barabara mkiogopa viatu vyangu! Wahehe wa siku hizi mnaogopa viatu! Babu zenu waliogopa mikuki angalau! Liko wapi kaburi nilale humo?"

"Limeota majani, utalala na siafu!"

"Basi siafu watakufa kwa njaa, maana mtu mwenyewe mlimzika mkavu mbahili, hata kijiko cha mafuta hana! Na mguu wake ule, kweli alienda mbinguni nao? Malaika watapishana naye vipi mlangoni?"

Yusta, ambaye kwao watu hulia msibani kwa adabu, alikaa mdomo wazi, chai ikipoa. Bibi alikuwa akicheka na kukohoa na kucheka tena, na katikati ya cheko kulikuwa na kitu kingine, chenye maji.

"Sasa sikilizeni wafiwa," Osmunda alisema, akishusha sauti kama mzee wa baraza. "Kuku sitaki. Nimeshaingia ndani kwa marehemu, nimetazama huku na huku, vyungu vyenu vina nyufa. Nimechukua mikono yake. Hii hapa, nimeikumbatia. Naondoka nayo. Kama mnaitaka, njooni mnikomboe."

Mtani akishika kitu msibani, nyumba ile haimnyang'anyi. Inamkomboa au inamwachia. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya seva, kabla ya barabara.

Bibi Skolastika alichukua muda kupata pumzi. "Nenda nayo," alisema. "Nenda nayo, mwizi wewe. Mimi sina cha kukukombolea."

Saa ya ukutani ilionyesha saba na robo. Yusta alivuta kibodi. "Bibi, wewe ndiye mrithi. Ukiweka dole gumba kwenye simu yako, nalifuta katazo sasa hivi."

"Ulifute?" Cheko likakatika. "Nani kakwambia ulifute?"

"Lakini umesema..."

"Nimesema yeye aende nayo. Sijasema umfunge Galus mdomo. Kama alitania, huo ndio utani wake wa mwisho, sina mwingine. Na kama hakutania, basi ni neno lake, alikuwa na haki nalo. Nawe usilifute."

"Mkinga umesikia?" alisema Osmunda. "Hata mimi silitaki lifutwe. Nitamtukana nani?"

*

Basi Yusta akabaki na fumbo lake. Katazo libaki, na aliyekatazwa aingie. Na katazo hushinda ruhusa.

Hushinda daima? Alirudi kwenye kitabu cha seva, kile kinene alichopewa siku ya kwanza kazini, kurasa zake zimekunjamana kwa chai. Akapekua kwa kidole. Kwenye ukurasa ambao aliwahi kuupigia mstari na kuusahau, sheria ilikuwemo: katazo hushinda ruhusa *vikiwa vimeandikwa mahali pamoja*. Lakini kilichoandikwa kwenye faili lenyewe husomwa kabla ya kile ambacho faili limerithi kutoka kwenye folda. La karibu hulitangulia la mbali. Ni kama nyumba za watu: baba amesema mezani hakuna mtoto kula kabla ya wageni, lakini mama yuko pale pale jikoni na mwiko, na mama akikupa, umepewa.

"Bibi, hebu nisikilize," alisema haraka. "Sasa hivi neno la mzee limebandikwa mlango wa chumbani. Nitajenga nyumba, folda, niiite kwa jina lake. Neno lake nilihamishie mlango wa nje, herufi kwa herufi, kwa jina lake. Kila mtu wa Songea atalisoma na litamzuia. Ila kwenye mlango wa chumbani utaandika wewe jina la mama Gama. Ataingia."

"Na Mngoni mwingine akija?"

"Atazuiwa nje, mpaka wewe uandike jina lake."

"Yaani kila Mngoni lazima apige hodi kwangu?"

"Kila mmoja."

Bibi alifikiri. "Waje na matusi mazuri," alisema, na akaweka dole gumba.

Yusta alijenga folda. Akahamishia huko katazo na zile ruhusa zote kumi na saba, mlango wa chumbani ubaki mtupu. Akaandika ruhusa ya jina moja. Saa saba na dakika hamsini na mbili.

"Jaribu, mama."

"Huruhusiwi," Osmunda alisoma. "Yusta, huruhusiwi!"

Yusta alipitia kila mstari tena, akaona kila kitu kipo mahali pake, akatazama daftari lake, akajipiga paji la uso. Kosa la mwanafunzi! Osmunda alikuwa ameingia kwenye mfumo tangu asubuhi, na mashine ilikuwa bado inamtazama kwa macho ya asubuhi.

"Toka kabisa, mama. Usizime kioo tu; toka, hesabu mpaka kumi, ingia upya."

Simu ya Dodoma ikaanza kuita. Saa nane kasoro dakika moja. Yusta aliipokea kwa bega.

"Umebonyeza?" aliuliza meneja.

"Sijabonyeza."

"Basi nabonyeza m—"

"Limefunguka!" Osmunda alipiga kelele kwenye laini nyingine. "Jamani, limefunguka!"

*

Kwenye kioo cha Yusta kitalu kilionekana cheupe na kisafi, mashina machanga yamesimama kwenye mifuko ya udongo kama watoto wa shule mstarini. Mkono wa chuma ulishuka. Ulichukua kijiti cha kwanza kwenye kitambaa chenye maji kwa namna ambayo chuma hakiwezi, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota yai chini ya kuku aliyelala. Ukachukua kisu. Ukalisogelea shina.

Kisha, badala ya kukata, ukageuza kisu na kugonga shina kwa mpini. Mara mbili, taratibu.

"Yusta!" Osmunda alishtuka. "Mkono umeharibika? Kule mafunzoni haugongi."

Yusta aliifungua orodha ya vitu vilivyopunguzwa kwenye nakala ya mafunzo ili iwe nyepesi. Ilikuwa ndefu: mguso wa ndani, joto la kiganja, kusita. Na mstari mmoja: *kugonga kusiko na kazi, kumeondolewa.* Alikuwa anatafuta namna ya kulieleza hilo, aliposikia maharage yakianza kudondoka tena kwenye ungo kule Kilolo. Bibi hakuwa amekata simu.

"Amegonga?" bibi aliuliza.

"Amegonga, bibi. Mara mbili."

"Anapiga hodi. Hajawahi kutia kisu kwenye mti bila hodi, tangu namjua. Nilikuwa namwambia, we mzee, mti hausikii. Ananijibu, basi haujanikatalia."

Kwenye kioo mkono wa chuma ulikuwa umetulia kando ya shina, kisu kimeelekezwa pembeni, kama mgeni aliyesimama kibarazani. Ungekata wenyewe baada ya pumzi mbili tatu. Ndivyo Galus alivyofanya, na ndivyo faili lilivyoandikwa. Lakini Osmunda aliinamia glavu zake.

"Kijiti hiki ni cha mama yangu," alisema, "kwa hiyo nitaitikia mimi. Karibu ndani, mla mbwa."

Kisu kikageuka, kikaingia, na kijiti hakikupasuka.